Wachoraji wa hadithi za ninja, msiwavishe mashujaa wenu kama maiti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie hadithi za picha za mapenzi ya ninja, wale wapelelezi wa siri wa Japani ya zamani, ambazo vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanazichora kwa wingi siku hizi, na ambazo baadhi zimeanza kupewa nafasi katika kurasa za vijana magazetini. Tunazifurahia kwa dhati. Vijana hawa wana mkono mwepesi, wana subira ya kukaa na nibu na wino, na wamechagua kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa: mapenzi ya watu wawili katika Japani ya mabwana wa vita. Kinachotusukuma kuandika ni kwamba kazi nyingi zinaharibika mahali palepale. Mchoraji anajifunza nywele, macho na mapanga, lakini sheria za zama zile hajifunzi. Katika hadithi ya mapenzi ya kihistoria, sheria ndizo zinazowatenganisha wapendanao. Msomaji asipojua ni kitu gani hasa kinawazuia hawa wawili, machozi ya ukurasa wa 12 hayatamgusa.

Tuanze na kosa linaloonekana kabla ya msomaji kusoma hata neno moja. Manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, hufunguliwa kutoka kulia, na visanduku vyake husomwa kulia kwenda kushoto. Mchoraji wetu anapenda pozi fulani, analinakili, kisha anaigeuza picha kwenye simu ili ifuate mwendo wa Kiswahili. Sasa tazama nguo. Vazi la Kijapani hufungwa kwa upande wa kushoto wa mvaaji kulala juu ya upande wake wa kulia, awe mwanamume au mwanamke, na imekuwa hivyo tangu amri ya mavazi ya mwaka 719. Kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvisha maiti anayeandaliwa kwa mazishi. Picha ikigeuzwa, wapenzi wote wawili wamevishwa sanda, na msomaji anayeijua Japani atafikiri mchoraji anatangaza vifo vyao. Kukagua ni rahisi: mhusika akikuelekea uso kwa uso, shingo ya vazi lake ifanye umbo la herufi ndogo y, mstari mrefu ukishuka kutoka kulia kwako kwenda kushoto kwako. Ukiona mstari mrefu umeelekea upande mwingine, futa.

Panga nalo linahama. Katana huchomekwa kwenye mshipi upande wa kushoto, makali yakitazama juu, ili mkono wa kulia uichomoe na kukata kwa mwendo mmoja. Picha iliyogeuzwa inamfanya kila samurai kuwa wa mkono wa shoto na panga lake liko kulia. Na kama mhusika yuko vitani amevaa deraya katika karne ya 15 au ya 16, panga lake linaweza kuwa tachi, linaloning'inizwa kwa kamba na makali yakitazama chini.

Kosa la tatu la kunakili ni la mazungumzo. Katika ukurasa wa Kijapani, anayesema kwanza husimama kulia mwa kisanduku. Mchoraji akiuacha mpangilio huo na kuandika Kiswahili ndani yake, msomaji wetu anasoma jibu kabla ya swali: binti anasema "Hapana, siwezi kuondoka" ndipo kijana anasema "Twende zetu." Anayeanza kusema akae kushoto, na puto lake liwe juu zaidi kuliko la anayejibu. Ndiyo maana tunawasihi vijana wachore upya kabisa, kushoto kwenda kulia, badala ya kugeuza kazi ya mtu mwingine. Hata heshima ya kazi ya mwenzako inadai hivyo.

Baada ya hapo, chagua mwaka. Wengi huandika "zamani za kale huko Japani" na kuchanganya miaka 300 katika ukurasa mmoja. Zama za vita huanza na vita vya Onin vya mwaka 1467 na kufifia baada ya vita vya Sekigahara, mwaka 1600. Utawala wa ukoo wa Tokugawa, wenye amani na amri nyingi, unaanza 1603 na kufika 1868. Hivi ni vipindi viwili tofauti, na vizuizi vya mapenzi si vilevile.

Kwa hadithi ya ninja wa vitani, mahali pa kuanzia ni Iga na Koka. Iga ni bonde lililozungukwa na milima, leo ni magharibi mwa mkoa wa Mie. Koka iko ng'ambo ya milima hiyo upande wa kaskazini, katika mkoa wa Shiga. Karne ya 16 Iga haikuwa na bwana mmoja aliyeimiliki yote. Ilikuwa mikononi mwa koo za wapiganaji waliokuwa pia wakulima, kila ukoo na ngome yake ndogo, na koo hizo zilifunga mapatano. Hati ya mapatano hayo ina vifungu 11 na ipo hadi leo. Inaagiza kwamba taarifa ya adui ikifika, kengele zipigwe katika vijiji na kila mtu ashike nafasi yake. Inawataka walio kati ya miaka 17 na 50 waende vitani. Inatangaza adhabu nzito kwa yeyote atakayeingiza jeshi la mkoa mwingine, na mali yake inachukuliwa. Na inaahidi kwamba askari wa miguu wa tabaka la chini atakayeiteka ngome ya adui atatuzwa na kufanywa samurai.

Mwandishi wa mapenzi akivisoma vifungu hivyo ameshapata nusu ya hadithi yake. Binti wa ukoo wa Iga akimficha ghalani mpelelezi majeruhi kutoka mkoa jirani wa Ise, hapo ugomvi wa baba mkali tu hautoshi kueleza hatari yake, maana anaonekana mbele ya jamii nzima kama mtu aliyefungulia adui mlango. Kijana wa tabaka la chini anayempenda binti wa mwenye ngome ana njia moja tu iliyoandikwa ya kupanda daraja, nayo ni kuteka ngome ya mtu mwingine, pengine ngome ya nyumba alikozaliwa mama wa binti huyo. Na umri wa miaka 17 unamfikia kila mtu kwa pamoja, kwa sababu Wajapani wa zama hizo walihesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja anapozaliwa, kisha kila mtu akaongeza mwaka mmoja siku ya mwaka mpya. Hakuna keki wala siku ya kuzaliwa ya mtu binafsi. Siku ya mwaka mpya ndiyo siku ambayo kijiji kizima cha vijana wa rika moja kinaingia katika orodha ya vita. Mchoraji anayelijua hilo anaweza kuchora sikukuu na hofu katika kisanduku kimoja.

Tunaomba pia vijana waache kuchora Iga na Koka kama maadui wa damu tangu mwanzo hadi mwisho. Hati ileile inaeleza Koka kama washirika na inataja mikutano ya pamoja mpakani, mahali pa wazi. Ukitaka uadui kati ya koo mbili, utafute ndani ya Iga yenyewe, au kati ya Iga na ukoo wa mabwana wa vita wa Oda. Mwaka 1579 Oda Nobukatsu alivamia Iga akafukuzwa kwa aibu. Mwaka 1581 baba yake, Oda Nobunaga, alituma jeshi la makumi ya maelfu kutoka pande kadhaa, na Iga ikateketezwa. Mwaka 1582 Nobunaga akafa Kyoto kwa usaliti wa jemadari wake, na Tokugawa Ieyasu, aliyekuwa safarini na wafuasi wachache, akavuka milima ya Iga kurudi kwake Mikawa akisaidiwa na watu wa Iga na Koka. Hattori Hanzo, ambaye ukoo wake ulitoka Iga, alikuwa pamoja naye. Miaka hiyo mitatu, 1579 hadi 1582, inatosha kitabu kizima: ushindi, maangamizi, kutawanyika, na nafasi ya kurudi kwa kumtumikia bwana mpya. Wapenzi waliopotezana mwaka 1581 wana sababu ya kweli ya kukutana tena njiani mwaka 1582.

Ukihamia zama za Tokugawa, kengele za vijiji hazina kazi tena. Vizuizi sasa ni karatasi na milango. Kuanzia 1615 mabwana hawakuruhusiwa kufunga ndoa bila idhini ya serikali. Mwaka 1635 utaratibu wa mabwana kwenda na kurudi Edo, makao ya serikali na Tokyo ya leo, ulipowekwa kisheria, wake zao na warithi wao walibaki Edo kama rehani. Katika kizuizi cha barabara cha Hakone walinzi waliangalia jambo moja kuliko mengine: wanawake wanaotoka Edo. Mwanamke alihitaji kibali kilichoeleza sura na nywele zake, na wanawake waliowekwa kwa kazi hiyo walimkagua na kulinganisha. Kuzunguka kizuizi kwa njia ya porini kulikuwa na adhabu ya kifo. Hebu fikiria kisanduku cha bibi mkaguzi akifungua nywele za mpenzi wetu kutafuta kovu lililoandikwa kwenye kibali. Hapo hauhitaji panga hata moja.

Na watu wa Iga wenyewe walifanya nini wakati wa amani? Wengi waliajiriwa kuwa walinzi. Edo kulikuwa na vikosi vya watu 100, vikiwemo kimoja cha Iga na kimoja cha Koka, vilivyolinda lango la ndani la ngome. Nyumba yao ya zamu bado imesimama Tokyo katika bustani ya mashariki ya ikulu. Watu wa Iga waliwekwa pia kulinda milango ya makazi ya wanawake wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, mahali ambapo wanaume wengine hawakuruhusiwa kupita ndani. Kwa mawazo yetu hapa ndipo penye hadithi bora ya mapenzi ya ninja kuliko zote, na hatujaona kijana hata mmoja akiichora: mjukuu wa wapelelezi, mshahara mdogo, amesimama mlangoni miaka nenda miaka rudi, akisikia sauti ambazo hataona nyuso zake.

Sasa mavazi na vifaa. Nguo nyeusi zinazofunika mwili hadi pua ni za jukwaani na za picha zilizochapwa baadaye. Mpelelezi halisi alitaka asitambulike, kwa hiyo alivaa kama mtu wa kawaida. Kitabu cha mafunzo cha mwaka 1681, Shoninki, kinataja sura saba za kujibadilisha: mtawa mpiga filimbi, mtawa wa Kibuddha, mcha Mungu wa milimani, mfanyabiashara, mchezaji wa mazingaombwe, mwigizaji, na mtu wa kawaida wa mahali hapo. Kitabu hichohicho kinataja vifaa sita vya safari: kofia pana ya kusukwa, kamba yenye ndoana, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa cha shaku 3 (kipimo cha Kijapani), yaani kama sentimita 91, na bomba la mwanzi la kuhifadhia moto. Vifaa hivi vinafaa mapenzi kuliko nyota za chuma. Kofia inaficha uso na inaweza kuficha barua. Kitambaa kinafunga jeraha, kinachuja maji, kinabaki na harufu ya mtu. Kalamu ya jiwe inaandika ujumbe ukutani na kufutika. Nyota za kurusha zilikuwepo, ila chuma kilikuwa ghali na hakuna aliyekuwa akizimwaga kumi kumi. Panga fupi lililonyooka linaloitwa panga la ninja halina ushahidi wa zama hizo. Tukumbuke pia kwamba vitabu vya mafunzo tulivyonavyo, hiki na Bansenshukai cha 1676, viliandikwa wakati vita vimekwisha, kwa hiyo vitumiwe kwa uangalifu.

Kuhusu mwanamke ninja: Bansenshukai kinaeleza mbinu ya kumtumia mwanamke kuingia mahali mwanamume asipoweza kuingia, kama jikoni na vyumba vya ndani. Ushahidi wa majeshi ya wasichana wanaoruka juu ya mapaa haupo. Mwandishi akimweka msichana kama mtumishi wa ndani anayesikiliza, anayehesabu walinzi, anayejua ni nani analala wapi, atakuwa karibu zaidi na kweli, na atapata jambo ambalo mapigano hayampi: msichana anaishi nyumba moja na yule atakayemsaliti, anamwandalia chakula asubuhi na jioni.

Mambo madogo yanayoharibu mwaka wa hadithi ni mengi. Tutaje yale tunayokutana nayo mara kwa mara. Geisha wa kike, yaani mwanamke msanii wa kuburudisha wageni, ni wa karne ya 18, usimweke mwaka 1581. Mshipi mpana wenye fundo kubwa mgongoni na nywele zilizojengwa juu kwa vichanio vingi ni vya zama za Edo, yaani za Tokugawa. Mwanamke wa karne ya 16 huvaa mshipi mwembamba na nywele ndefu zilizofungwa nyuma. Bunduki zilifika na Wareno kisiwani Tanegashima mwaka 1543, kabla ya hapo hakuna. Viazi vitamu vilifika visiwa vya Ryukyu mwaka 1605 hivi na kuenea baadaye, kwa hiyo wapenzi wa 1581 hawawezi kuchoma kiazi kitamu kwenye majivu. Wape mtama, shayiri, figili au wali. Mkulima havai pamba laini, anavaa nguo ya nyuzi za mashina ya mimea ya kwao. Ngome nyeupe ya ghorofa tano juu ya kilima cha Iga mwaka 1560 haipo: kulikuwa na maboma ya udongo na mahandaki. Kuta za mawe za ngome ya Iga Ueno, zenye kimo cha karibu mita 30, ni za mwaka 1611, na jengo jeupe linaloonekana katika picha za watalii lilijengwa 1935. Mke aliyeolewa katika nyumba kubwa huwa na meno yaliyopakwa rangi nyeusi na nyusi zilizonyolewa. Vijana wengi wanaogopa kuchora hilo wakidhani wasomaji watachukizwa. Tunadhani wathubutu, kwa sababu msichana aliyekuwa na meno meupe katika sura ya kwanza akionekana na meno meusi katika sura ya nne, habari ya ndoa yake imefika bila neno.

Saa nazo zinakosewa sana, na hapa Mswahili ana bahati. Wajapani waliugawa mchana vipande sita na usiku vipande sita, wakianzia alfajiri na machweo, kwa hiyo kipande kimoja ni kama saa mbili zetu, na hurefuka au kufupika kwa majira. Msomaji anayehesabu saa kutoka mapambazuko ataelewa upesi. Ila hakuna dakika. Mpenzi hawezi kusema "tukutane saa nane na robo." Atasema kengele ya alfajiri, au kabla kijiti cha ubani hakijaisha. Tarehe zilifuata mwezi mwandamo: tarehe mosi giza, tarehe 15 mbalamwezi. Ninja anayevamia usiku wa tarehe 15 chini ya anga jeusi amekosewa na mchoraji wake. Mpelekeni siku za mwisho wa mwezi, na miadi ya wapenzi iwe tarehe 15, ili hatari yao yenyewe itokane na mwanga.

Kwa mandhari, nyanda zetu za juu zinasaidia, lakini kwa kuchagua. Ukungu wa Uporoto na Rungwe asubuhi, mashamba ya mpunga ya Kyela yaliyojaa maji, sakitu ya Makete: hivyo vichoreni kwa kuangalia, vitawapa milima ya Iga kuliko picha za mtandaoni. Mianzi ndiyo inayodanganya. Mianzi ya ulanzi ya Iringa na Njombe huota kwa kichaka, mashina yamebanana kutoka shina moja. Mianzi mirefu ya Japani husambaza mizizi chini kwa chini na kutoa shina mojamoja, ikiacha nafasi ya mtu kupita. Ukichora mafukuzano katikati ya mianzi ya Njombe, hakuna anayeweza kukimbia humo. Misonobari ya Sao Hill iliyopandwa kwa mistari nayo isiwekwe katika msitu wa 1581.

Tuseme kuhusu uchapaji, kwa sababu gazeti si kitabu. Karatasi ya gazeti hunywa wino na kila nukta hutanuka. Ukichora kwenye A3 na gazeti likakipunguza kipande chako hadi nusu ya upana, mstari wa milimita 0.4 unakuwa 0.2 na unakatika. Mistari membamba kabisa iwe milimita 0.6 kwenye karatasi yako. Herufi kubwa zikitakiwa kuwa milimita 2.5 gazetini, ziandike milimita 5. Vivuli vya vitone vya kubandika vikipunguzwa hutoa mawimbi yasiyotakiwa. Gazetini tumia mistari sambamba iliyoachiana, au nyeusi kamili. Nguo ya usiku usiijaze yote wino, acha ukingo mweupe mwembamba kumtenga mtu na giza, la sivyo msomaji ataona doa. Nibu ikwaruze karatasi nzito ya gramu 180 au zaidi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hutawanya wino, na wakati wa baridi ya Juni na Julai wino hukauka polepole, hivyo usikimbilie ufutio.

Visanduku vitano au sita vinatosha ukurasa mmoja. Nafasi kati ya safu ya juu na ya chini iwe pana, kama milimita 7, na kati ya visanduku vya safu moja iwe nyembamba, milimita 3, jicho litajua kwenda pembeni kabla ya kushuka. Puto la Kijapani ni refu na jembamba kwa sababu maandishi yao hushuka. Neno kama "hatutaonana" haliingii humo bila kukatwa vipande. Chora puto pana, maneno yasizidi 12, na uandike maneno kwanza ndipo uzungushe puto. Katika kila ukurasa wa mapenzi acheni kisanduku kimoja bila maneno: ukingo wa mkono wa vazi, kivuli nyuma ya pazia la mianzi, barua iliyokunjwa na kufungwa fundo kama walivyofunga barua za siri. Watu hawa hawakukumbatiana hadharani, kwa hiyo umbali kati ya mikono miwili ndio unaobeba kila kitu. Upimeni kwa makini na kuupunguza sura hadi sura.

Na kwa sauti tusiazime. Kiswahili kina tanakali za kutosha ukurasa mzima: jiwe majini chubwi, mtu mchangani tifu, topeni tapwi, kimya jii, giza totoro. Mchoraji anayeandika sauti za Kijapani kwa herufi zetu anampa msomaji mapambo, wakati angeweza kumpa sikio.

Kijana aliyezoea nidhamu hii anaweza kuigeukia nchi yetu. Miaka ya vita kati ya Wahehe na Wasangu, vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga Oktoba 1894, miaka ya Mkwawa mafichoni hadi Julai 1898: humo kuna wapelelezi, ngome, ahadi na nyumba zilizogawanyika, na wazee wa Iringa wanaojua mavazi na desturi bado wanaulizika. Lakini hata huko, mwaka kwanza, sheria baadaye, nyuso mwisho.

Kwako Mhariri tuna maombi matatu. Ukurasa wa hadithi za picha usivutwe upana ili kujaza nafasi ya tangazo lililokosekana, maana nyuso zinapanuka na herufi zinalala. Ruhusu mwaka na mahali pa hadithi viandikwe juu ya kila toleo, ili msomaji aliyekosa wiki iliyopita ajue yuko wapi. Na waelekeze vijana namna ya kutuma: waskani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe bila kijivu, na wakituma kwa WhatsApp watume kama faili, si kama picha, kwa kuwa picha hubanwa na mistari yote membamba huja imevimba.

Wako katika kazi,
Wachoraji wa hadithi za picha,
Mbeya.